Jino Lililong'oka na Mwanya wa Kuchonga Si Kitu Kimoja



Miaka minne iliyopita nilianguka na bodaboda, nikarudi nyumbani sina meno mawili ya mbele. Mimi ni fundi wa kushona, nina duka langu, na biashara yangu inataka mdomo. Tangu siku ile nikawa nacheka huku nimejiziba na ncha ya mtandio. Mteja akiuliza bei, namuonesha kwa vidole.

Nilianza na meno ya kuvaa na kuvua. Nayashukuru, yalinisitiri. Lakini wiki moja kabla ya Idi, duka limejaa watu, nilicheka yakachomoka, yakaangukia juu ya gauni la bibi harusi. Mama yake alijifanya hakuona, Allah amlipe kheri. Usiku nililia.

Ndipo nikaanza kuweka pesa ili nipandikize meno. Wifi yangu akanambia, "Unabadilisha maumbile ya Mungu! Hujui Mtume kawalaani wanaochonga meno?" Nikanyamaza, maana hadithi hiyo ipo na ni sahihi.

Nikaenda kwa mwalimu wangu wa madrasa. Akanifahamisha kwamba waliokatazwa ni wanaochonga meno mazima kutafuta mwanya ili wapendeze. Na sisi watu wa pwani tunajua mwanya unavyosifiwa. Aliyepoteza kiungo hukumu yake ni nyengine. Akanikumbusha sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani kabla ya Uislamu. Aliweka pua ya fedha ikamtolea harufu, na Mtume (S.A.W.) akamuamrisha aweke ya dhahabu. Dhahabu, ambayo mwanamme hairuhusiwi kuivaa! Kwa hiyo kurudisha kilichopotea ni tiba, wala si kiburi.

Na tiba yenyewe si mtindo wa juzi. Daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alimtibu mgonjwa wake wa mwanzo kwa njia hii mwaka 1965. Skrubu ndogo ya titaniamu hutiwa ndani ya mfupa wa taya, pahala palipokuwa na mzizi wa jino. Mfupa huikamata pole pole, mara nyingi kwa miezi 3 hadi 6, kisha jino hufungwa juu yake. Meno ya jirani hayachongwi, kama inavyofanywa mtu akiwekewa daraja.

Jambo moja ningelijua mapema: pengo likikaa muda mrefu, mfupa wa taya hupungua. Mimi ilibidi niongezwe mfupa kwanza, na pesa zikaongezeka. Kwa hiyo ukivunjika jino, nenda kwa daktari wa meno mapema hata kama huna pesa ya kupandikiza. Angalau ujue hali yako.

Lakini dada zangu, sisemi kila mtu akimbilie. Mwenye sukari isiyotulia, mwenye ugonjwa wa fizi au anayevuta sigara, kidonda chake huenda kisipone vizuri na skrubu ikakataa. Haya yazungumze na daktari kwanza. Na anayekubandikia meno kwa gundi saluni si daktari, hata akikupunguzia bei vipi.

Wala usikope. Mimi nimecheza upatu miaka miwili, na ada za watoto zilitangulia. Kama mfuko haujaruhusu, meno ya kuvaa si aibu. Wapo wanawake wanaoyavaa miaka na miaka na wanaishi vizuri. Ninachokataa ni mwanamke kubaki na pengo, anajificha watu, pesa anayo, kwa kuogopa tu kuambiwa kwamba anamkosoa Muumba.

Sasa bei naitaja kwa mdomo wangu, na wifi yangu ananiletea vitambaa kama kawaida. Kitu kimoja tu nimekiacha: kukata uzi kwa meno. Mkasi upo, jamani.