WAYA WA MENO NA PIPI, SEHEMU YA 4: Acheni kuwatisha watoto

Jamani wazazi wa Ibaba, hili la "mwenye waya wa meno haruhusiwi kitu kitamu mpaka utolewe" nalipinga. Waya unakaa mwaka na nusu, miwili, hata zaidi. Mtoto gani atavumilia? Ukimkataza nyumbani, anaficha pipi mfukoni, anamung'unya darasani kutwa. Hapo ndipo meno yanapoharibika! Bakteria wakipata sukari wanatengeneza asidi, na kila pipi mpya wanaanza tena. Siku waya unatolewa, unakuta madoa meupe kuzunguka pale kijibati kilipogandishwa.

Mpeni chokoleti laini au keki baada ya chakula, mara moja, asukutue kwa maji, usiku apige mswaki kwa dawa yenye floraidi. Basi.

Halafu haohao wanaokataza chokoleti ndio wanaomkatia mtoto mua! Eti "mua ni wa asili." Mua, kashata, bigijii, pipi ya kutafuna: hivyo ndivyo vinavyong'oa vijibati na kupinda waya. Kikitoka kimoja tu, nauli ya Mbeya hiyo, na siku ya shamba imekwenda.

Mahindi ya kuchoma nayo mpukuchulieni, asing'ate gunzi.