Honi Ikinyamaza

Barabara ya Muheza kwenda Amani ina kona nyingi. Gari kuukuu lisilo na honi ni hatari huko.

Msikimbilie kununua honi mpya. Tazameni fyuzi kwanza. Ikiwa imeungua, wekeni ya nguvu ile ile. Wengine huziba kwa karatasi ya sigara inayong'aa. Gari litaungua!

Fyuzi ikiwa nzima, tazameni honi. Honi ya waya mmoja hurudisha umeme kwa kupitia bodi ya gari. Huku pwani hewa ya chumvi huleta kutu, na kutu huzuia umeme. Fungueni honi, sugueni kwa msasa pale inapokaa, hata chuma king'ae. Kazeni bolti. Ikikataa bado, fundi apime kitufe cha usukani na nyaya zake.