Nyumba ya Wazee na Kipimo cha Kuipimia

Mjadala juu ya nyumba za kutunzia wazee, kila uzukapo katika vyumba vya walimu au katika mabasi yapandayo mlima Kitonga, huisha upesi mno. Mmoja husema kwamba kumpeleka mzazi katika makazi ya wazee ni aibu na ni desturi ya Wazungu. Mwingine hujibu kwamba dunia imebadilika. Baada ya hapo kila mtu hushika lake. Naona kwamba pande zote mbili huliruka swali lililo kubwa kuliko hayo, nalo ni swali la kisayansi kabisa: mzee huyu anatunzwaje, na sisi tunajuaje?

Hebu tutazame kwanza hali ilivyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu nchini watu wapatao milioni 44.9, na kati yao karibu milioni 2.5 walikuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka jukumu la kuwatunza mikononi mwa familia na jamii, ikayafanya makazi maalumu kuwa njia ya mwisho. Makazi ya Serikali, kama vile Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Njoro mkoani Kilimanjaro na Kolandoto mkoani Shinyanga, yalikusudiwa wazee wasio na mtu wala kitu. Na baadhi ya makazi ya namna hiyo nchini yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma. Si ajabu basi kwamba jina lenyewe humfanya msikilizaji amfikirie mtu aliyetupwa. Tena ni mbali. Kutoka Iringa hadi Morogoro ni kilomita zipatazo 300, na kutoka Mbeya ni zaidi ya 600.

Kwa hiyo familia ya Mbeya au Iringa yenye mama asiyeweza tena kulala peke yake haina orodha ndefu ya kuchagulia. Yaweza kumwacha kijijini pamoja na mjukuu. Yaweza kumleta mjini na kumkabidhi kwa msichana wa kazi. Yaweza kutafuta nafasi katika nyumba inayoendeshwa na watawa au na chama cha hiari, ikiwa ipo na ikiwa ina nafasi. Ama yaweza kumwachisha kazi mmoja wa watoto, naye aghalabu huwa binti. Kila moja ya njia hizi ni uchaguzi wa makazi, ingawa ni moja tu tunayoiita hivyo.

Wale wanaodai kwamba tangu kale kila mzee alizeeka chini ya paa moja na wanawe yafaa wasome habari za Rungwe. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake Good Company mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa walivyohama makwao wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, wakajenga vibanda vyao kando, na vibanda hivyo vikakua hata vikawa kijiji chao cha kudumu. Baba alizeeka kati ya watu wa rika lake. Hata hivyo vijana hao waliendelea kwenda kula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao. Desturi hiyo imekwisha toweka, lakini inatufundisha kwamba paa na wajibu ni vitu viwili mbalimbali. Mwalimu Nyerere naye, katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya Ujamaa, alimtetea mzee anayeonekana kupumzika tu: huyo alikwisha kufanya kazi ujanani, na mapumziko yake ni haki. Haki hiyo haisemi lolote juu ya nyumba gani.

Nimesema kwamba aibu inatuzuia kuuliza. Zaidi ya hayo, aibu hudhuru mwili. Naifahamu familia moja ya Mbeya mjini ambayo baba yao alipooza upande mmoja. Walimpeleka katika nyumba ya mbali, ambayo sitaitaja, nao wakawaambia majirani kwamba mzee amekwenda kukaa kwa ndugu. Kwa kuwa walikwisha kusema hivyo, ilikuwa vigumu kuomba ruhusa kazini au kuchangishana nauli kwa uwazi. Walipokwenda kumwona, miezi minane ilikuwa imepita, na mgongoni, chini kidogo ya kiuno, palikuwa na kidonda ambacho kingemeza yai. Wahudumu hawakuwa watu wabaya. Waliwapokea kwa heshima, na baba alikuwa amevaa shati safi. Kasoro ilikuwa kwamba usiku alibaki mhudumu mmoja kwa vyumba vyote.

Mwanafunzi wa biolojia hatapata taabu kuelewa jambo hili. Mtu anapolala bila kugeuka, uzito wa mwili huibana mishipa midogo ya damu kati ya mfupa na kitanda. Damu ikikosa kupita, oksijeni haifiki, na chembe hai hufa. Mimi na wewe hugeuka usingizini bila kujua. Aliyepooza hawezi, ni lazima ageuzwe, na kanuni ya wauguzi kwa muda mrefu imekuwa kila baada ya saa mbili au karibu na hapo. Mtu mmoja na vitanda thelathini, saa mbili: hesabu hiyo yaweza kufanywa na kidato cha kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza katika nyumba yoyote ya wazee ni idadi ya walio macho saa tisa za usiku. Vigae vya sakafuni na televisheni ya sebuleni vitatazamwa baadaye, kama muda utakuwapo.

Swali la pili, kwa watu wa nyanda zetu za juu, ni baridi. Miji ya Mbeya na Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Sentigredi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kwamba joto la ndani ya nyumba wakati wa baridi lisipungue nyuzi 18, na kwa wazee liwe juu zaidi ya hapo. Mwili wa mzee hutengeneza joto kidogo, mishipa yake ya ngozi huchelewa kujibana, na mara nyingi yeye mwenyewe hahisi kwamba amepoa. Ndipo mwenye huruma huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Mkaa unaowaka kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kukicha, watu husema mzee amekufa kwa uzee. Tukiingia katika nyumba ya wazee, au katika chumba cha bibi yetu wenyewe, na tutafute jiko hilo. Kisha tuhesabu mablanketi.

Uzito nao husema mengi kuliko maneno ya msimamizi. Mzee wa kilo 50 akipoteza kilo mbili na nusu kwa mwezi mmoja, yaani asilimia 5, jambo halipo sawa, hata kama sahani yake huletwa imejaa. Pengine meno hayapo na mahindi ya kande ni magumu. Pengine sahani huondolewa kabla mkono unaotetemeka haujamaliza. Mizani yoyote ya zahanati yatosha, pamoja na daftari. Vivyo hivyo kikombe cha maji: hisi ya kiu hupungua kwa umri, kwa hiyo anayengoja mzee aombe maji amekwisha kuchelewa. Kikombe kiwe pale mkono unapofika.

Kuna jambo jingine ambalo katika vitabu vya ng'ambo halipewi uzito wa kutosha, pengine kwa sababu waandishi wake walizeeka katika lugha moja. Mtu anapopatwa na ugonjwa wa akili ya uzeeni, yaani demensia, lugha alizojifunza ukubwani mara nyingi humtoka kwanza, na ile ya utotoni hudumu. Familia moja ya Iringa iliniambia jinsi mama yao, mzaliwa wa Kilolo, alivyokaa kimya wiki nyingi katika nyumba waliyoichagua kwa uzuri wa majengo yake. Walikwisha kukubali kwamba ugonjwa umefika mwisho. Siku moja mfagiaji mgeni alipita akamsalimu "Kamwene", na mama akaitika, akauliza habari za ulanzi wa mwaka ule. Hakuna mhudumu mwingine aliyejua Kihehe. Watoto walikuwa wameuliza ada, chakula, daktari na ibada. Lugha hawakuiuliza, wala mimi sidhani kwamba wengi wetu tungeiuliza.

Demensia si ugonjwa wa Ulaya. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 6.4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 au zaidi walikuwa nao. Sioni sababu ya kufikiri kwamba Rungwe au Mufindi wamesamehewa. Bibi anayetangatanga usiku, anayemshitaki mkwe kwa wizi wa kanga aliyoificha mwenyewe, huitwa mkorofi. Pengine huitwa mchawi, na nchi hii inajua jina hilo limewagharimu nini wanawake wazee.

Hapa narudi kwa msichana wa kazi. Tunamtwaa binti wa miaka kumi na sita kutoka kijijini, hatumfundishi jinsi ya kumgeuza mtu kitandani, tunamfungia na mgonjwa kutwa nzima pamoja na watoto wawili, na jioni tunajisifu kwamba sisi hatujampeleka mzazi wetu "kule". Hiyo ni nyumba ya wazee yenye mhudumu mmoja, asiye na mafunzo, asiye na zamu na asiye na msimamizi. Maswali yale yale yaulizwe kwake: usiku ni nani aliye macho, chumba kina joto gani, uzito umepungua kiasi gani. Kwa maoni yangu nyumba nyingi zilizosifiwa kwa kushika mila hazingepita mtihani huo, na baadhi ya makazi yanayodharauliwa yangepita.

Wenzetu hawakuzaliwa wakiyajua haya. Peter Townsend alitembelea nyumba 173 za wazee huko Uingereza na Wales, na katika kitabu chake cha mwaka 1962, The Last Refuge, alionyesha kwamba wengi walikuwa wakiishi katika majengo ya zamani ya mafukara, wakiwa hawana kazi wala faragha, na kwamba wengi hawakuingia kwa ugonjwa bali kwa umaskini na kukosa jamaa. Leo kule wako wakaguzi wa umma, na ripoti zao husomwa na yeyote. Nilipokuwa huko masomoni niliona kwamba hata hivyo familia zenye busara zilikwenda bila kutoa taarifa, saa ya chakula, tena zaidi ya mara moja. Ziara ya ghafula haihitaji bajeti.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia. Nataja hilo kwa sababu mzee mwenye fedha yake, hata kidogo, huulizwa anataka nini. Katika hadithi zote nilizosimuliwa Mbeya na Iringa, nimesikia kaka, shemeji na mchungaji wakiamua. Mzee mwenyewe nimemsikia akiulizwa mara moja tu. Alijibu kwamba anataka kitanda cha karibu na dirisha, aone ng'ombe wakirudi.

Kwa walimu wa sayansi nina ombi moja. Mwezi wa Julai wapeni wanafunzi vipimajoto vya maabara, wavitundike usiku katika vyumba wanamolala bibi na babu zao, na wasome alfajiri kabla moto haujawashwa. Waandike pia kama kuna jiko la mkaa ndani, kama dirisha limefungwa, na ni nani aliyelala karibu naye. Darasa moja la wanafunzi arobaini litapata usomaji arobaini, nao upelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri pamoja na majina ya vijiji.