UKURASA WA AFYA: Abiria Tusinyamaze Dereva Anapoacha Upande Wake



Tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe na chanjo. Mwezi huu twataja ugonjwa usio na kijidudu wala chanjo: gari kuacha upande wake wa barabara na kuingia upande wa gari linalokuja. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka. Ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo jambo hili si la trafiki peke yao. Ni la afya, na ni la familia.

Magila Gereza si mbali

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, pale Magila Gereza, wilayani kwetu Korogwe, Fuso liligongana uso kwa uso na Coaster iliyokuwa ikisafirisha mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro kwa mazishi. Taarifa ya kwanza ya serikali ilitaja watu 17 waliofariki na 12 waliojeruhiwa. Wengi wao walikuwa wa ukoo mmoja. Ilielezwa kwamba Fuso lilikuwa katika mwendo mkali, likitaka kulipita gari la mbele bila tahadhari. Waliokwenda kuzika mmoja wakawa wengi wa kuzikwa.

Hesabu ambayo dereva huikosea

Tuseme lori la tela linakwenda kilometa 60 kwa saa, na basi lililo nyuma yake linakwenda 80. Ili basi lilipite na kurudi salama upande wake, lahitaji sekunde 10 hivi. Katika sekunde hizo basi hutembea mita 220 hivi, na gari linalokuja kwa mwendo ule ule nalo hutembea mita 220. Maana yake, dereva hana budi kuona karibu nusu kilometa ya barabara tupu kabla hajatoka upande wake. Kwenye kona, kwenye kilele cha mlima au usiku, nusu kilometa hiyo haionekani. Ndiyo sababu huchorwa mstari usiokatika.

Tena kuna desturi ya dereva wa lori kuwasha taa ya kushoto kumwambia wa nyuma apite. Huo ni wema, lakini si uthibitisho. Macho ya mwenzako hayawezi kukuendeshea gari.

Huku kwetu milimani kosa hili lina sura nyingine. Pikipiki huzimwa injini na kuachiwa mteremko, na dereva hukata kona kwa kupita upande usio wake, pengine kuna ukungu, naye amebeba abiria wawili na mkungu wa ndizi. Kijana huyo huyo akihamia Dar es Salaam, huona ni jambo la kawaida kurudi kinyume kwenye barabara ya njia mbili mbili ili asizunguke mbali.

Kimya chetu

Sisi wauguzi twapokea matokeo. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu mzima aweza kupoteza damu lita moja au zaidi ndani ya paja, bila tone kuonekana nje, na mwili wote una lita tano hivi. Ndugu huanza kutafutwa watoe damu, na safari ya rufaa huanza. Lakini tukiwauliza abiria wazima, mara nyingi jibu ni hili: "Tuliona anakimbia sana, ila tuliogopa kusema."

Wengine watasema hiyo ni kazi ya askari wa usalama barabarani. Ni kweli, sheria ipo, ile ya mwaka 1973, na twaomba isimamiwe bila rushwa. Twaomba pia mistari ichorwe upya inapofutika, na sehemu za milima ziongezewe njia ya magari mazito. Lakini askari husimama mahali pamoja tu. Abiria yupo ndani ya gari kila kilometa. Dereva aweza kumdharau abiria mmoja. Gari zima likisema "Baba, punguza mwendo, rudi upande wako", husikia.

Tena tusisahau kuwa mara nyingi ni sisi tunaomhimiza: "Ongeza mwendo, tutachelewa mazishi!" Marehemu hachelewi.

Kwa hiyo twapendekeza kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijadili na kukubaliana haya kwa safari za misiba, harusi, hija na kwaya:

1. Safari ndefu ifanyike mchana. Mazishi yakisogezwa siku moja, hakuna dhambi.
2. Safari ya usiku isipoepukika, wawepo madereva wawili, nao wawe wamelala.
3. Achaguliwe mtu mmoja, mwenye heshima, wa kumwonya dereva kwa niaba ya wote.
4. Asiposikia, gari lisimamishwe kituoni, na polisi wapigiwe namba 112.

Ajali ikitokea

Kwanza zuia ajali ya pili: weka matawi au kibao cha tahadhari mbali, pande zote mbili. Usimvute majeruhi kwa mikono na miguu, isipokuwa kuna moto. Shingo na mgongo visipindishwe. Damu ikitoka, kandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi, ukijikinga mikono. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, watu kadhaa wakimgeuza mwili wote pamoja. Usimpe maji wala chakula, huenda akahitaji upasuaji. Wala usimpakie kwenye pikipiki mtu anayelalamika mgongo.

Amri ya Tano yatuambia: Usiue. Katekisimu ya Kanisa, namba 2290, yafundisha kuwa anayehatarisha maisha ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia kubwa. Mwaka 2007 Vatikano ilitoa hata amri kumi za madereva, na ya kwanza ni hiyo hiyo. Twawaomba mapadre na makatekista waifundishe, na wazazi wenye vijana wa bodaboda waitaje kabla kijana hajawasha pikipiki.

Rozari inayoning'inia kwenye kioo cha gari ni njema. Mkono ulioshika usukani na ubaki upande wake.