Ndege wahamao, majitaka na ardhi ya mwambao wa Mweru

Mvua zinapokaribia kaskazini mwa Zambia, vitwitwi na buabua waliozaliana Ulaya na Asia huwasili katika mwambao wa Ziwa Mweru na kutafuta riziki kwenye matope. Wakazi wa Nchelenge na Kashikishi hawaoni ajabu yoyote. Maji yapo, na Mto Luapula unapoingia ziwani huacha kinamasi kipana cha mafunjo. Ila njia za ndege hawa hupita pia katika nchi kame zisizo na mto wala ziwa, na huko, kwa miaka ya karibuni, baadhi ya vituo vyao vikubwa vimekuwa mitambo ya kusafisha majitaka.

Muscat, mji mkuu wa Oman wenye wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hupata takriban milimita 100 tu za mvua kwa mwaka, ilhali Nchelenge hupata zaidi ya 1,000. Hata hivyo, katika eneo la Al Ansab, maji yaliyosafishwa ya jiji hilo yamejaza mabwawa yenye matete, na watu huenda na darubini kutazama ndege. Kinamasi ambacho Luapula hukitoa bure, huko hulipiwa kwa pampu na umeme.

Mfano ulio karibu zaidi uko Kenya. Majitaka mengi ya Nairobi huishia Ruai, kwenye nyanda kavu za mashariki mwa jiji, katika mabwawa yajulikanayo kama ya Dandora. Kazi yake haina siri. Majitaka huingia kwanza katika mabwawa yenye kina, ambamo uchafu mzito hutuama na kuozeshwa na bakteria. Kisha husogea polepole kwenye mabwawa mapana, ambako miani huyapa maji hewa ya oksijeni na mwanga wa jua huua vijidudu, kabla ya kuachiwa mtoni. Miani hiyo, pamoja na wadudu wanaozaliana humo, ndiyo karamu ya bata na vitwitwi. Wataalamu wa ndege wa Kenya wameyaorodhesha mabwawa hayo miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini, heshima ambayo wahandisi walioyachimba huenda hawakuiwazia.

Lakini ndege wengi si cheti cha usafi. Mara nyingi huvutwa na uchafu uleule unaolisha wadudu, na samaki wa bwawa la namna hiyo si wa kuvuliwa.

Udhaifu mkubwa wa mabwawa ni kwamba yanahitaji ardhi nyingi, nayo Nairobi ilikwisha kupanda thamani. Mei 2020, katikati ya janga la korona, maelfu ya watu walibomolewa nyumba zao Kariobangi Kaskazini licha ya amri ya mahakama, kwa maelezo kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya mfumo wa majitaka. Siku chache baadaye mabomoko yakafika Ruai. Waliolala nje kwenye mvua hawakuwa wale waliogawa viwanja.

Hapo ndipo habari ya ndege inapogusa Mweru moja kwa moja. Kipindupindu kimekuwa kikirudi katika vijiji vya wavuvi vya mwambao huu, ambako nyumba nyingi hutegemea vyoo vya shimo, na kambi za uvuvi husimama hatua chache kutoka maji yanayochotwa kwa kunywa. Watu wanaongezeka. Tangu 2018 wilaya ya Nchelenge imekuwa pia na makazi ya Mantapala, yanayohifadhi wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wakizungumza Kiswahili. Siku miji hii itakapojengewa mfumo wa majitaka, wapo watakaopendekeza mitambo ya umeme, kwa kuwa haihitaji eneo kubwa na huonekana ya kisasa zaidi. Pendekezo hilo lipimwe kwa mwaka 2024, Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa, maji ya Kariba yakapungua na umeme ukakatwa kwa saa nyingi kila siku. Mtambo usio na umeme hurudisha majitaka ziwani yakiwa yalivyo. Bwawa linalotegemea jua na mteremko huendelea na kazi yake.

Kwa sasa nafasi bado ipo nyuma ya mwambao, sehemu kubwa ikiwa ardhi ya kimila, ambayo haigawiwi bila ridhaa ya machifu. Halmashauri ya wilaya, machifu na kampuni ya maji ya mkoa wanaweza kutenga eneo na kulichorea mipaka hata kabla ya fedha za ujenzi kupatikana. Viwanja vya nyumba, kwa upande wake, vinaendelea kupimwa kando ya barabara.