Bastola ya gesi: sifa yake dukani ndiyo hatari yake kambini

Anayeuza bastola ya bandia ya gesi hahitaji maneno mengi. Anamwekea mteja mkononi asikie uzito. Anamwonyesha kwamba sehemu ya juu ni ya chuma, si plastiki. Anaivuta nyuma, inalia kama ya kweli. Kisha anamaliza na sifa moja ambayo anajua inauza: hata askari akiiona kwa mbali, hawezi kujua kama ni ya mchezo.

Sifa hiyo peke yake inatosha kuifungia bastola hiyo njia ya kuingia Kivu na Ituri. Mzazi asiinunue. Mchuuzi asiiuze wakati wa Bonana. Ndugu aliye Ulaya ao Marekani asiitie katika kifurushi anachotumia watoto wa dada yake. Kwingine ni mchezo unaopendwa na watu wazima wenye uwanja wao na masharti yao. Lakini mahali ambapo mtu anaweza kufa kwa sababu ya kile wengine wanadhani ameshika, kufanana na silaha si uzuri. Ni kasoro, na kadiri kitu kinavyofanana zaidi, ndivyo kasoro inavyozidi.

Ni haki kuipima vizuri kabla ya kuikataa. Bastola hizi huitwa easofti, na mchezo wenyewe ulianzia Japani katika miaka ya 1970. Sheria ya Japani inakataza raia wa kawaida kuwa na bastola, kwa hiyo wapenzi wa silaha wakatengenezewa za bandia zinazorusha vidonge vya plastiki. Kidonge kina upana wa milimita 6, na mara nyingi uzito wake ni gramu 0.20. Gesi inatiwa ndani ya kasha la masasi, lile linaloingia katika mshiko. Mtu akifyatua, gesi inasukuma kidonge nje, halafu inarudisha nyuma mtambo wa juu. Ndiyo sababu mkono unashtuka kidogo, kama kwa silaha ya kweli.

Nguvu yake ni ndogo. Kidonge hicho kikitoka kwa mwendo wa mita 100 kwa sekunde, nguvu yake ni jouli 1. Risasi ya bastola ya kweli ya milimita 9 ina karibu jouli 500. Kidonge kinaweza kupofua jicho, ndiyo maana wanaocheza wanavaa miwani ya kujikinga, lakini hakiwezi kupasua kifua cha mtu. Wanaoitetea bastola hii wanaishia hapo: haiui, basi haina shida.

Wamepima upande mmoja tu. Hatari kubwa ya bastola hii haitoki kwenye mdomo wake. Inatoka kwa yule anayeiangalia, hasa kama na yeye ana silaha, na yake ni ya kweli.

Mfano mzito uko Marekani, katika mji wa Cleveland. Tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 2014, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa akichezea bastola ya easofti katika bustani ya watu wote. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inadai silaha za mchezo ziwe na alama, na alama ya kawaida ni rangi ya machungwa kwenye mdomo. Ile ya Tamir haikuwa na rangi hiyo tena. Mtu aliyeita polisi alisema kwenye simu kwamba bastola pengine ni ya bandia na kwamba mwenyewe pengine ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lao lilipofika, katika muda wa kama sekunde mbili, mmoja alifyatua. Mtoto alikufa siku iliyofuata. Mwaka 2015 baraza la mahakama lilikataa kuwashtaki askari wale. Mwaka 2016 mji ulikubali kulipa familia dola milioni 6. Pesa hazikumrudisha.

Mwaka mmoja mbele ya hapo, tarehe 22 mwezi wa kumi 2013, huko Santa Rosa katika jimbo la California, mtoto wa miaka 13, Andy Lopez, aliuawa na askari akitembea na bunduki ya easofti iliyofanana na AK-47. Na ile pia haikuwa na rangi ya machungwa.

Wazazi wa Kivu na Ituri wafikirie mambo hayo kwa utulivu. Hayo yalitokea katika nchi isiyo na vita ndani ya mipaka yake, kwenye miji yenye taa, simu ya polisi inayojibiwa, na sheria ya kuitofautisha silaha ya mchezo. Na bado mtoto alipigwa risasi ndani ya sekunde mbili. Mashariki mwa Congo, mwenye silaha anayekutana na mtoto njiani anaweza kuwa askari wa FARDC, mpiganaji wa M23, mzalendo, mtu wa CODECO ao wa ADF, ao mwizi tu wa usiku. Hakuna kati ya hao atakayeomba kushika bastola ya mtoto apime kama ni ya gesi. Na rangi ya machungwa inafutwa kwa kalamu nyeusi ya franka chache.

Hatari haiko kwa wenye silaha peke yao. Familia zilizo katika kambi zina kumbukumbu zao. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa pili 2022, kambi ya wahamaji ya Plaine Savo, katika wilaya ya Djugu, ilishambuliwa na watu zaidi ya 50 wakauawa. Aliyepona usiku kama ule hangoji kuuliza. Kijana akionekana kati ya mahema na bastola mkononi saa mbili za usiku, mtu mmoja atapiga kelele, mama watabeba watoto na kukimbia gizani, wazee wataanguka, na vijana wengine watatafuta mawe. Kwa mchezo wa jouli 1, kambi nzima inaweza kukanyagana. Na yule kijana anaweza kupigwa hadi kufa kabla mtu hajaokota kidonge kimoja cha plastiki.

Wapo wanaojibu kwamba bastola hii inaweza kumlinda baba wa familia. Wanasema: mwizi akija usiku akaona mdomo wa bastola mlangoni, atakimbia. Wazo hilo linaeleweka kwa mtu aliyeibiwa mara mbili na asiyeona askari wa kumsaidia. Lakini linaua. Mwizi anayekuja na bunduki ya kweli huenda alikuja kutafuta simu na unga. Akiona bastola, hatafuti tena simu. Anajiokoa, na kujiokoa kwake ni kufyatua kwanza. Baba aliyeshika ya gesi amemwita mwenzake kwenye vita ambavyo yeye mwenyewe hana risasi ya kuvipigana. Na akipona usiku huo, asubuhi uvumi utasema kwamba katika hema fulani kuna silaha. Kwa mhamaji, uvumi huo unaweza kuleta msako, kufungwa, ao mabaya kuliko hayo. Filimbi, sufuria ya kugonga na majirani waliopatana wanalinda vizuri zaidi.

Wengine wanasema watoto wamecheza vita tangu zamani, wanachonga bunduki za miti na za mabua ya mahindi, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Ni kweli kwamba mtoto aliyeona vita atacheza vita, na kumpiga kwa sababu hiyo hakusaidii. Lakini bunduki ya bua inaonekana kuwa bua hata kwa mita ishirini. Bastola ya gesi imetengenezwa ili hata mwenye kuijua adanganyike. Kuna tofauti kubwa kati ya mtoto anayeigiza na kitu kinachomfanya aonekane mpiganaji.

Na neno mpiganaji, kwa watoto wa mashariki, si la mchezo. Mwezi wa tatu 2012, Mahakama ya Kimataifa ya CPI huko La Haye ilimpata Thomas Lubanga na hatia ya kuingiza watoto wasiotimiza miaka 15 katika kundi lake huko Ituri na kuwatumia vitani. Baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Sheria ya Congo ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto nayo inakataza jambo hilo. Kundi linalotafuta vijana litamwangalia vipi yule ambaye tayari anajua kuvuta mtambo, kubadilisha kasha na kulenga? Mzazi anayetumia dola kumfundisha mwanawe kazi hiyo awaze ni nani atakayefaidika nayo.

Kuna pia gesi yenyewe, ambayo wauzaji hawaisemi sana. Aina inayotumiwa mara nyingi ni propani iliyochanganywa na mafuta kidogo ya silikoni, jamaa ya gesi ya kupikia, katika chupa yenye mgandamizo. Inashika moto upesi. Katika nyumba yenye madirisha, mtu mwangalifu anaweza kuihifadhi. Katika hema la turubai, mbabula ikiwaka hatua mbili kutoka kitandani na hema la jirani likigusana na hilo, chupa hiyo haina pa kukaa. Kila kambi inajua jinsi moto unavyoruka.

Hoja ya mwisho ya wanaotetea ni hii: silaha za kweli zimejaa, kwa nini kupigia kelele za bandia? Ni kwa sababu hiyohiyo. Palipo na silaha nyingi za kweli, hakuna mwenye akili anayekisia kwamba aliyoiona ni ya bandia. Nchi zenye amani zimeliona jambo hilo. Ufaransa tangu mwaka 1999 inakataza kuwauzia wasiotimiza miaka 18. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, imezuia kuuza zile zinazofanana kabisa na silaha, isipokuwa kwa wachezaji wanaojulikana na wachache wengine. Asiye mmoja wao anauziwa yenye rangi kali kwa sehemu kubwa. Ikiwa London inaogopa, Bunia na Goma zina sababu gani ya kucheka?

Kwa hiyo wakubwa wasingoje mtoto afe. Wa forodha wazizuie mpakani pamoja na chupa zake za gesi. Viongozi wa miji wakataze kuziuza, na wauzaji waelezwe mapema, mbele ya sikukuu, ili asiwepo anayepoteza mali yake kwa kutojua. Kamati za kambi ziliongee jambo hili katika mikutano yao, pamoja na akina mama, kwa sababu wao ndio wanaona kwanza kilicho chini ya mkeka.

Na familia ambayo tayari inayo isiifanyie haraka mbaya. Isitupwe motoni, gesi inaweza kulipuka. Isipelekwe mkononi kwa askari, hata mchana, maana anayeipeleka ndiye anayeweza kufyatuliwa. Mtu mzima aitoe gesi nje, mbali na moto, aivunje vipande ndani ya nyumba na kuvizika. Mtoto atalia siku moja. Anunuliwe mpira. Mpira hata usiku, hata kwa mbali, hata mikononi mwa kijana mrefu, unabaki kuwa mpira.