Muhogo uliotolewa majini mapema

Tangu M23 iteke Masisi-kati Januari 2025, kisha iingie Walikale-kati Machi mwaka huohuo, mengi yamesemwa juu ya silaha, madini na mazungumzo. Machache yamesemwa juu ya muhogo uliokuwa umeloweshwa mtoni siku wakaaji walipokimbia. Sisi tunadhani muhogo huo ni habari.

Muhogo mchungu ni rafiki wa watu wa vita. Unapanda kipande cha mti mvua zikianza, unangoja mwaka au zaidi, na usipoung'oa unakaa ardhini bila kuoza. Ghala linachomwa, mbuzi anaibwa, lakini mzizi unabaki. Nyani na wezi hawaupendi kwa sababu ya uchungu wake, na uchungu huo ndio dalili ya sumu: sianidi.

Mama zetu wanajua kuiondoa. Muhogo unamenywa, unaloweshwa siku tatu au nne mpaka ulainike na kutoa harufu, nyuzi zinatolewa, vipande vinaanikwa, ndipo vinasagwa unga wa bugali. Kazi kubwa inafanywa na zile siku za majini. Mizizi inapolainika, sumu inafunguka na kutoka. Korosho za Mtwara nazo haziliwi hivihivi, maana ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, lakini korosho humwonya mtu papo hapo mkononi. Muhogo ulioloweshwa usiku mmoja unaweza kuliwa kwa wiki kadhaa kabla ya madhara kuonekana.

Madhara hayo yana jina: konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na hakuna dawa ya kuirudisha. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Daktari Trolli aliieleza mwaka 1938 kule Kwango. Mwaka 1981, wakati wa ukame, iliwalemaza watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Katika vita vyetu wenyewe iliripotiwa Burhinyi, Kivu Kusini, na kutoka Burhinyi hadi Walikale si safari ya kuvuka bahari.

Kila mara sababu ni zilezile: njaa, haraka, na bugali isiyo na kitoweo cha maana. Mwili unahitaji protini ili kuivunja sumu iliyobaki. Hapo ndipo barabara ya Sake, Masisi na Walikale inapoingia katika sufuria. Masisi ina maziwa, jibini na maharagi. Walikale ina muhogo, ndizi na mafuta ya mawese. Barabara ikifungwa, au kila kizuizi kikidai pesa kwa kila gunia, upande mmoja unabaki na muhogo mtupu.

Kuna jambo linaloweza kufanyika sasa, hata kabla ya amani. Huko Popokabaka, Kwango, wanawake walifundishwa kulowanisha unga wenyewe: unga mkavu unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba juu ya mkeka kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha unapikwa siku hiyohiyo. Sehemu kubwa ya sianidi iliyobaki huondoka hewani, na konzo ilizuiliwa. Tunataka maeneo ya afya ya Masisi na Walikale yafundishe njia hii katika kila kambi ya waliohama. PAM na mashirika mengine yanapogawa chakula yaongeze maharagi, pamoja na mapipa ya kuloweshea.

Na makamanda wa pande zote, Wazalendo wakiwemo, wawakataze watu wao kuchukua muhogo ulio majini. Mama aliyeibiwa muhogo wa siku ya tatu hatalowesha mwingine siku tatu. Ataupika wa siku moja, kwa sababu watoto wanalia.